Shule ya sheria iliyozaliwa Lumumba bado ina deni Kariakoo

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kwenye steshenari moja ya Mtaa wa Lumumba, mashine ya fotokopi haipumziki. Mbele yake amesimama mama wa makamo, bahasha ya kaki kwapani. Ndani mna cheti cha kifo cha mumewe, risiti za kodi ya pango la ardhi zilizofifia wino, na muhtasari wa kikao cha ukoo ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari, chini yake safu ya alama za dole gumba.

Anakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Nyumba yenyewe ipo hapa hapa Kariakoo, ile ya zamani yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Tayari kuna mtu mwenye fedha za kujenga ghorofa amekwisha kuwafuata watoto wa kiume pembeni.

Kijana wa steshenari ndiye mshauri wake. Anajua fomu ipi inatangulia, wapi pa kubandika picha, wapi pa kupigia muhuri. Sheria hajaisomea, ameijua kwa kuona karatasi za watu zikipita mikononi mwake. Asichomweleza, kwa sababu naye hakijui, ni kwamba msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo anapewa miezi minne kurudi na orodha ya mali na hesabu za mgawanyo, na kwamba kuwa msimamizi si kuwa mwenye nyumba. Ndugu wameacha kusalimiana kwa kutojua jambo hilo moja.

Katika mtaa huu huu, Oktoba 25, 1961, ndipo lilipofunguliwa darasa la kwanza la sheria la chuo kikuu katika Afrika Mashariki. Lilifunguliwa ili watu kama mama huyu wapate wanasheria wao. Miaka zaidi ya 60 baadaye, ni halali kuuliza wanasheria hao wako wapi.

Chuo ndani ya jengo la chama

Mtaa wa Lumumba zamani uliitwa New Street. TANU ilizaliwa hapo Julai 7, 1954, na hapo ndipo chama kilipokuja kuinua jengo lake, hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja na upande wa pili kutoka sokoni.

Mipango ya awali ilikuwa Tanganyika ingoje chuo kikuu hadi katikati ya miaka ya 1960, majengo yakishakamilika. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere haikutaka kungoja. Chama kikaachia jengo lake, Chuo Kikuu cha London kikakubali kuwa mlezi wa shahada, na chuo kikaanza kazi wiki sita tu kabla ya uhuru wa Desemba 9. Mkuu wa chuo alikuwa Cranford Pratt kutoka Kanada. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi wasiofika 15.

Kwa nini sheria ikatangulia? Kwa sababu udaktari ulikuwa ukifundishwa Makerere na uhandisi Nairobi, lakini sheria haikufundishwa popote katika nchi tatu za Afrika Mashariki. Aliyetaka uwakili alipanda meli kwenda Uingereza, na kabla ya hapo alihitaji ruhusa na fedha ambazo serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumpa Mwafrika, kwa hofu kwamba mwanasheria angegeuka mwanasiasa. Mji ulikuwa na mawakili, wengi wao Wazungu na Waasia. Mawakili Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning huko London ndiyo iliyopendekeza kwamba wanasheria wa Afrika wasomeshwe Afrika, na Dar es Salaam ikachukua jukumu hilo kwa niaba ya Kenya, Uganda na Tanganyika.

> Darasa la kwanza la sheria lilianza ndani ya jengo la TANU, wiki sita kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa.

Mkuu wa kitivo wa kwanza alikuwa Profesa A. B. Weston. Miongoni mwa walimu wake vijana alikuwamo William Twining, mzaliwa wa Kampala, na historia yake inastahili kusimuliwa. Baba yake, Sir Edward Twining, alikuwa Gavana wa Tanganyika aliyeihangaisha TANU katika miaka yake ya mwanzo. Sasa mwanawe anaingia kila asubuhi kwenye jengo la TANU kuwafundisha vijana wa nchi hiyo sheria za nchi yao.

Zilikuwa sheria zipi? Hapo ndipo mjadala wa kwanza ulipoanza. Vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vya Uingereza, vikieleza kesi za Uingereza. Ilibidi walimu wazikusanye hukumu za mahakama za Afrika Mashariki, sheria ndogondogo na maelezo ya mila, ndipo wapate cha kufundishia. Mwanafunzi aliyekuwa akitoka darasani na kukutana na kadhi, mwenyekiti wa tawi na dalali wa viwanja ndani ya mita mia tano asingeridhika kuambiwa kwamba sheria ni kile kilichoamuliwa London.

Miongoni mwa wanafunzi wa miaka hiyo ya mwanzo alikuwamo Julie Manning, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu nchini na, mwaka 1975, Waziri wa Sheria.

Kilomita 13 kutoka mjini

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji. Kulikuwa na nafasi, hewa, maktaba. Wakati huo kilikuwa tayari sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, hadi Julai 1970 kilipopata uhuru wake kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mishahara ya viongozi, ikianza na wake mwenyewe. Miezi mitatu na ushee baadaye likaja Azimio la Arusha. Swali la msomi anamtumikia nani halikuwa tena la semina.

Kitivo cha sheria kililijibu kwa namna mbili, na hizo mbili zimeishi kwa mvutano hadi leo.

Ya kwanza ilikuwa ya nadharia. Chini ya walimu kama Yash Ghai, Mkenya aliyefundisha hapo tangu 1963 na kufikia kuwa mkuu wa kitivo, sheria ilianza kusomwa pamoja na historia, uchumi na siasa. Kijana mmoja mzaliwa wa Kilosa, Issa Shivji, aliyesoma sheria hapo hapo, aliandika katika jarida la wanafunzi la Cheche uchambuzi wa matabaka ndani ya ujamaa wenyewe. Jarida likafungiwa mwaka 1970. Yeye akabaki chuoni kama mwalimu hadi 2006. Wapo waliolalamika, wengine kutoka Mahakama na ofisi za Serikali, kwamba wanaletewa wahitimu wanaojua kubishana juu ya dola lakini hawajui kuandaa hati ya madai. Shutuma hiyo haikuwa ya bure, ingawa waliokuwa wakiitoa mara nyingi ndio hao hao wasiopenda maswali.

Ya pili ilikuwa ya vitendo. Mwaka 1967 kitivo kilianzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria: walimu na wanafunzi wakaanza kuwasaidia bure watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Ndiyo mizizi ya msaada wa kisheria nchini. Mashirika mengi yaliyokuja baadaye, yakiwamo ya wanasheria wanawake, yalianzishwa na watu waliopita katika madarasa hayo.

Kwa maoni yangu jibu hili la pili ndilo lililokuwa bora zaidi, na ndilo lililopewa fedha kidogo zaidi.

Pande mbili za ardhi moja

Hakuna mahali ambapo mvutano ule ulionekana wazi kama kwenye ardhi.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi na kumpa Shivji uenyekiti. Tume ilizunguka nchi, ikasikiliza wananchi, ikatoa taarifa mwaka 1992. Pendekezo lake kuu lilikuwa zito: mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yatoke mikononi mwa Serikali Kuu, na ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji yenyewe.

Serikali haikukubali. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 iliiacha ardhi yote kuwa mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Na mtaalamu aliyeitwa kuandaa rasimu ya sheria mpya alikuwa Patrick McAuslan, mmoja wa wale walimu vijana walioanza na Weston pale Lumumba mwaka 1961. Rasimu yake ndiyo iliyozaa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Shivji aliipinga hadharani, kwa maandishi na majukwaani.

Wote wawili waliamini wanamtetea mwananchi mdogo. McAuslan alitaka sheria ndefu, yenye maelezo ya kila hatua, ili ofisa asipate mwanya wa kuamua anavyotaka. Shivji aliona kwamba ukimwachia ofisa funguo, urefu wa sheria haumzuii kufungua mlango.

Mama mwenye bahasha ya kaki anaishi ndani ya mabishano hayo bila kujua. Anachorithi ni haki ya kumiliki kwa muda, isiyozidi miaka 99, yenye masharti. Sheria hiyo hiyo ya Ardhi inamlinda kwa namna ambayo hakuna aliyemweleza: inatamka kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mumewe angekuwa hai na kutaka kuiweka rehani nyumba ya ndoa, ridhaa yake ingehitajika. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwisha kukubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo. Kila mwanafunzi wa sheria analijua shauri hilo. Wanawake linaowahusu, ni wangapi?

Majaji Wakuu watatu kwa mpigo

Ukipima shule kwa vigogo iliowatoa, hii haina mpinzani katika ukanda wetu. Kuanzia katikati ya 2011 hadi mwanzoni mwa 2013, Majaji Wakuu wa Uganda, Kenya na Tanzania, yaani Benjamin Odoki, Willy Mutunga na Mohamed Chande Othman, wote walikuwa wahitimu wa Dar es Salaam.

Katika kuandika katiba ni vilevile. Odoki aliongoza Tume ya Katiba ya Uganda, Ghai akaongoza ya Kenya, na Jaji Joseph Warioba, mhitimu wa miaka ya 1960, akaongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Tanzania iliyoundwa mwaka 2012. Dk. Sengondo Mvungi, aliyewahi kufundisha Mlimani, alifariki Novemba 2013 akiwa mjumbe wa Tume hiyo, baada ya kuvamiwa na majambazi.

Mbegu ilivuka hata bahari. McAuslan alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 1968, na Twining na Ghai nao wakafundisha huko. Namna ya kusoma sheria ndani ya mazingira ya jamii yake, ambayo leo inasifika Ulaya, ilifanyiwa majaribio mapema mbele ya vijana wachache katika jengo la chama, jirani na Kariakoo.

Ishirini na sita kati ya 633

Hadi miaka ya 1990 Mlimani ilikuwa peke yake. Kisha vikaja vyuo vingine: Chuo Kikuu Huria, Mzumbe, vyuo vya binafsi na vya madhehebu. Kitivo chenyewe kikapandishwa hadhi kuwa Shule Kuu ya Sheria. Mwaka 2007 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mhitimu wa chuo chochote sharti aipitie kabla ya kuapishwa uwakili.

Oktoba 2022 matokeo ya taasisi hiyo yaliutikisa mji. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walipata sapu, yaani mitihani ya marudio, na 265 walidisko, yaani waliondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, naye mwalimu wa zamani wa Mlimani.

Wanafunzi walisema usahihishaji ni wa kukomoa. Waliokuwa upande wa taasisi walisema vyuo vinapitisha watu wasioweza kuandika hoja, tena kwa Kiingereza kibovu. Pande zote zilikuwa na hoja. Lakini katika kelele zile sikumsikia mtu akiuliza swali la mteja: kati ya hao 633, ni nani angeweza kukaa na mjane wa Kariakoo na kumweleza mirathi kwa lugha anayoielewa?

> Mtihani ulipima Kiingereza cha wakili. Mteja anaongea Kiswahili.

Lugha ya darasa na lugha ya kizimbani

Mahakama ya Mwanzo imeendeshwa kwa Kiswahili miaka yote. Panda ngazi moja tu, kwa muda mrefu hali ilikuwa hivi: shahidi anatoa ushahidi kwa Kiswahili, hakimu anauandika kwa Kiingereza huku shahidi akiwa bado anazungumza, hukumu inatoka kwa Kiingereza, kisha wakili anamrudishia mteja wake kwa Kiswahili nje ya mlango wa mahakama. Neno la shahidi lilivuka mto mara mbili kabla ya kumrudia mwenyewe.

Februari 2021, katika kilele cha Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimpongeza na kumpandisha cheo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili. Mwezi huo huo Bunge likabadili sheria: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Mwaka huo pia mawakili, waliokuwa wamezuiwa siku zote katika Mahakama za Mwanzo, walifunguliwa mlango pale zinapoongozwa na hakimu mkazi.

Wenye mashaka wana sababu. Hukumu za miaka 100 ziko katika Kiingereza. Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha inaendeshwa kwa Kiingereza, na mikataba ya wawekezaji pia. Mwanasheria asiyekimudu atawaachia wengine meza hizo. Wanaotetea Kiswahili nao wanauliza haki gani hiyo inayotolewa kwa lugha ambayo mwenye kesi haielewi.

Nasimama na hawa wa pili, bila kuwafukuza wale wa kwanza. Mwanafunzi afundishwe lugha zote mbili za kazi yake, na mtihani umpime katika zote mbili. Hili si wazo geni. Profesa Weston, mkuu wa kitivo wa kwanza, aliandika juu ya sheria kwa Kiswahili katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1968 kitivo kilitoa orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili aliyoiandaa pamoja na Sheikh Mohamed Ali. Kazi ilianzwa mapema kuliko tunavyokumbuka. Ililegea baadaye, na wahitimu wa vizazi vilivyofuata wakazoea kuamini kwamba haiwezekani.

Kinachodaiwa mjini

Kariakoo haijapungukiwa masuala ya sheria. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia kodi, usajili wa stoo na kamatakamata, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza viwanjani Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Novemba 16 mwaka huo jengo la ghorofa likaporomoka, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na waliobaki wakaulizana nani alitoa kibali, nani alikagua, nani atalipa. Kwenye ghorofa mpya zilizomeza nyumba za zamani kuna maelfu ya vyumba vya biashara vyenye mikataba ya kurasa mbili, mingine haina hata hizo mbili.

Pengo likiwapo, hujazwa. Vishoka wanajitambulisha kama mawakili, wanachukua fedha, wanapotea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imezunguka mikoa ikisikiliza migogoro. Vyote ni vyema. Lakini kampeni huja na kuondoka. Mirathi, pango na kodi vipo kila Jumatatu.

Napendekeza Shule Kuu ya Sheria irudi mjini kwa mguu mmoja. Kituo cha kudumu, chumba cha chini kisicho na ngazi za kumchosha mzee, katika mitaa kati ya Lumumba na Msimbazi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wakae hapo kwa zamu chini ya mwalimu aliye wakili, na saa zao zihesabiwe katika shahada kama zinavyohesabiwa za semina. Waandike kwa Kiswahili barua, hati za kiapo na maelezo ya ukurasa mmoja: msimamizi wa mirathi afanye nini ndani ya miezi minne, mpangaji adai nini kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, mjane asitie saini karatasi gani.

Gharama yake ni ndogo. Chuo kina walimu, kina wanafunzi, na kina Kamati iliyoifanya kazi hii tangu 1967. Kinachohitajika ni uamuzi wa Baraza la Chuo, bajeti ya pango, na nakala za kutosha za ile karatasi ya ukurasa mmoja kwa kila steshenari ya mtaa.